Kuunganisha picha bila mshono kuonekana: hatua kwa hatua ndani ya GIMP

Picha zilizounganishwa vibaya hutambuliwa hata na mtu asiyejua lolote kuhusu kompyuta. Hawezi kukuonyesha kosa liko wapi, lakini atasema tu, "Hii imebandikwa." Mtengenezaji naye akisikia hivyo hukimbilia ukingoni, akaulainisha, akauongezea ukungu, na picha ikabaki vilevile. Mara nyingi ukingo hauna kosa. Kinachoiumbua picha ni mwanga unaotoka pande mbili, weusi wa upande mmoja uliokolea kuliko wa upande wa pili, na upande mmoja kuwa safi huku mwingine umejaa chembechembe. Ukivilinganisha hivyo mapema, kufuta mpaka ni kazi ya dakika chache. Ukivipuuza, hakuna brashi laini itakayokusaidia. Ndiyo maana katika mwongozo huu maski, yaani ramani za kuficha na kuonyesha sehemu za picha, zinakuja katikati, wala si mwanzoni.

Tutafanya kazi moja halisi: bango la harusi la mita 2 kwa 1. Tuna picha tatu. Moja ni ya bahari mbele ya Forodhani, Mji Mkongwe, jua likikaribia kuzama na jahazi limetweka tanga. Ya pili ni ya maharusi waliosimama, iliyopigwa ndani ya studio. Ya tatu ni ya nyuso zao kwa karibu. Maharusi watasimama kulia mbele ya bahari, na nyuso zao zitafifia taratibu ndani ya anga upande wa kushoto. Kwa hiyo tutakutana na aina zote mbili za kuunganisha: kumkata mtu na kumweka mahali pengine, na kuyeyusha picha moja ndani ya nyingine.

Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa sababu ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta za kawaida. Ilianzishwa na Spencer Kimball na Peter Mattis walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ikatolewa kwa umma mwaka 1996. Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025, lakini hatua hizi zinafanya kazi pia kwenye 2.10. Kama unatumia Photopea ndani ya kivinjari, au Photoshop, majina ya vitufe yatabadilika kidogo na mantiki itabaki ileile. Majina ya menyu nayaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Hatua ya 1: Chagua picha zinazoweza kukaa pamoja

Hapa ndipo kazi nyingi hufa kabla hazijaanza. Kabla hujafungua programu, ziweke picha zako kando kwa kando na utazame mambo matatu.

La kwanza ni upande wa mwanga. Tazama kivuli chini ya pua na chini ya kidevu, kisha tazama nuru ndogo iliyomo machoni. Kama nuru imekaa upande wa kushoto wa macho, taa ilikuwa kushoto. Picha ya bahari nayo lazima iwe na jua upande huohuo. Zikipingana, unaweza kugeuza mojawapo kama kwenye kioo, na bahari ndiyo salama kugeuza kwa sababu haina maandishi. Hata hivyo, ukigeuza mandhari yenye majengo yanayojulikana, mwenyeji atagundua papo hapo. Ukiwageuza maharusi, pete inahamia mkono mwingine na vifungo vya koti vinahama upande, na ndugu wa bibi harusi wataona.

Suala la jua lina uzito wake kwetu sisi wa pwani. Mji wa Zanzibar unatazama magharibi, kwa hiyo jua huzama baharini pale Forodhani. Coco Beach ya Dar es Salaam na Nyali ya Mombasa zinatazama mashariki, ambako jua huchomoza baharini na kuzama nyuma yako, upande wa nchi kavu. Ukitengeneza bango lenye machweo juu ya maji na kuliandika "Coco Beach", umeunganisha vitu ambavyo havikutani, hata kama maski yako haina dosari.

La pili ni urefu wa kamera. Mstari wa upeo wa bahari, pale maji yanapokutana na anga, hukaa sawa na kimo cha kamera iliyopiga. Kama maharusi walipigwa na mtu aliyeshika kamera usawa wa kifua chao, basi kwenye bango mstari wa upeo upite vifuani mwao. Ukiupitisha magotini wataonekana majitu. Ukiupitisha juu ya vichwa wataonekana wamesimama shimoni. Kanuni hii moja huokoa kazi nyingi, na ni nadra kusikia mtu akiifundisha.

La tatu ni ubora wa faili. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kubanwa. Mwombe mteja aitume kama hati, au aje na kadi ya kamera. Picha iliyobanwa huwa na vijisanduku vinavyozunguka nywele na kingo za nguo, na vijisanduku hivyo ndivyo vitakavyokusumbua utakapofika kwenye mkato.

Hatua ya 2: Andaa faili

Bango la mita 2 kwa 1 likichapishwa kwa nukta 100 kwa inchi linahitaji pikseli 7874 kwa 3937. Kwenye biti 16, yaani kiwango cha juu cha usahihi wa rangi, leya (tabaka la picha) moja ya ukubwa huo inakula karibu megabaiti 250 za kumbukumbu, na utakuwa na leya sita au saba. Kama kompyuta yako ina gigabaiti 4 tu, fanya kazi kwa nukta 50, yaani pikseli 3937 kwa 1969 au karibu na hapo. Bango la kutazamwa kutoka mbali halitadhurika sana.

Anza faili mpya ya ukubwa huo, kisha uingize picha zote tatu kwa pamoja kupitia "File", halafu "Open as Layers", au Ctrl+Alt+O. Kila picha itakuja kama leya yake. Bahari iwe chini, nyuso katikati, maharusi waliosimama juu. Kama kumbukumbu inaruhusu, ingia menyu ya "Image" ubadili "Precision" kuwa biti 16. Kwenye toleo la 3 sehemu hiyo inaitwa "Encoding". Faida yake utaiona angani, ambako rangi hupishana polepole na biti 8 huacha michirizi kama ngazi. Hifadhi mara moja kwa muundo wa XCF, ambao hutunza leya na maski zako zote.

Badilisha ukubwa wa kila leya kwa Shift+S. Kupunguza hakuna shida, kukuza ndiko kuna shida. Kama picha ya maharusi ni ndogo, ni afadhali uipe nafasi ndogo kwenye bango kuliko kuivuta hadi pikseli zionekane. Baada ya kubadilisha ukubwa na kuweka mahali pake, ingia menyu ya "Layer" na uchague "Layer to Image Size", kwa sababu kwenye GIMP maski haiwezi kuvuka mipaka ya leya yake. Wengi hushangaa brashi inagoma kufika mahali fulani, kumbe leya iliishia pale.

Hatua ya 3: Linganisha mwanga na rangi kabla ya kugusa maski

Nakili kila leya kabla ya kuibadilisha, ili uwe na pa kurudi.

Anza na mwanga peke yake, bila rangi. Tengeneza leya mpya juu ya zote, ijaze kijivu, kisha ibadilishe hali yake ("Mode", namna inavyochanganyika na leya za chini) iwe "LCh Color". Bango zima litageuka kuwa la kijivu na utaona weusi na weupe ulivyo. Sasa linganisha: sehemu nyeusi kuliko zote kwenye koti la bwana harusi, na sehemu nyeusi kuliko zote kwenye jahazi. Mchana wa pwani una unyevu hewani, kwa hiyo vitu vya mbali baharini huwa na weusi uliopauka. Maharusi walio karibu wanaruhusiwa kuwa na weusi mzito kidogo, lakini wa studio huwa mzito kupita kiasi. Fungua "Colors", kisha "Curves", chukua ncha ya chini kushoto uipandishe kidogo hadi weusi wa koti ukae kwenye dunia moja na ule wa jahazi. Fanya vivyo hivyo kwa weupe: kanzu au gauni lisiwe jeupe kuliko wingu lililo karibu na jua.

Ukiridhika, zima ile leya ya kijivu na uangalie rangi. Taa za studio huwa nyeupe au za ubuluu kidogo. Machweo ni ya dhahabu. Tumia "Color Temperature" kuwapasha maharusi joto, kidogo kidogo, ukitazama ngozi. Ngozi nyeusi ni nzuri sana kwenye mwanga wa machweo, lakini ukizidisha inageuka nyekundu ya matofali, na mtu hatajitambua. Nguo nyeupe ndiyo kipimo changu: kanzu iliyosimama mbele ya bahari saa kumi na mbili jioni haiwezi kubaki nyeupe ya sabuni. Upande wa jua huwa wa krimu, upande wa kivuli huwa na ubuluu kidogo unaotoka angani.

Usiende hatua inayofuata hadi leya zifanane hata kabla hazijakatwa, picha za mstatili zimepangwa tu juu ya nyingine. Ukiona zinaelekeana hivyo, asilimia kubwa ya kazi imekwisha.

Hatua ya 4: Kuyeyusha nyuso ndani ya anga

Chagua leya ya nyuso, ingia "Layer", kisha "Mask", kisha "Add Layer Mask", na uchague nyeupe. Maski ni ramani ya kijivu: palipo peupe leya inaonekana, palipo peusi inafichika, na kijivu kinaonyesha nusunusu. Faida yake ni kwamba hufuti chochote. Ukikosea, unapaka rangi ya pili.

Bonyeza D ili upate nyeusi na nyeupe, kisha G kwa ajili ya gradienti, yaani mpito wa polepole kutoka rangi moja kwenda nyingine. Washa "Dithering" kwenye chaguo za zana. Ndiyo inayozuia michirizi angani hasa kama umebaki kwenye biti 8. Hakikisha umebofya kijipicha cha maski, si cha leya yenyewe, la sivyo utapaka gradienti juu ya nyuso za watu. Buruta kutoka kwenye anga kuelekea nyusoni, achia, sogeza ncha zake hadi ipendeze, kisha Enter.

Swali kuu ni upana: ufifishaji uanzie wapi na uishie wapi? Mwaka 1983 Peter Burt na Edward Adelson walichapisha utafiti kuhusu jambo hilihili, na walichoonyesha bado ndiyo msingi wa programu nyingi leo. Kwa maneno mepesi: umbo kubwa na laini linahitaji mpito mpana, umbo dogo lenye maelezo linahitaji mpito mwembamba. Wingu na anga waweza kuvififisha kwa theluthi nzima ya bango. Sikio, hereni au mkunjo wa kilemba ukivififisha kwa upana huo, unapata mzimu: kitu kinachoonekana nusu na kingine nyuma yake nusu. Kwa hiyo gradienti ni mwanzo tu. Baada yake chukua brashi kwa P, kubwa na laini, nguvu yake ("Opacity") ushushe hadi asilimia 15 au 20, na upite kwenye maski kwa mkono. Kwenye anga pita kwa upana. Ukikaribia nywele na mabega, punguza brashi na ufuate umbo. Bonyeza X kila unapotaka kubadilisha kati ya kuficha na kurudisha.

Mstari wa mpito usipite kamwe katikati ya uso. Pitisha nyuma ya nywele, kwenye kivuli cha shingo, kwenye nguo ya giza. Mfaransa Gustave Le Gray alilijua hili katika miaka ya 1850. Mabamba ya kupigia picha ya enzi hiyo yalichomwa na ubuluu wa anga, kwa hiyo yeye alipiga bahari kwenye negativu moja na mawingu kwenye nyingine, akaziunganisha hasa pale pale kwenye upeo, ambako tayari kuna mstari. Fundi cherehani naye hupeleka mshono kwenye pindo. Kabla ya kuvuta brashi, jiulize kwenye picha yako ni wapi tayari pana mstari, kivuli au ukingo wa kitu.

Hatua ya 5: Kuwakata maharusi

Kwa mwili na nguo tumia zana ya njia ("Paths"), B. Ni ya polepole, lakini ukingo wake ni safi kuliko wa zana zinazochagua zenyewe. Pita ndani ya ukingo kwa pikseli moja au mbili, si nje, ili usibebe ukuta wa studio. Ukifunga mzunguko, bonyeza Enter upate uteuzi, ulainishe kwa "Feather" ya pikseli 1 au 2, kisha ongeza maski ukichagua "Selection". Ondoa uteuzi kwa Shift+Ctrl+A kabla ya kuendelea, maana ukiuacha, brashi haitagusa nje yake.

Mara nyingi hubaki uzi mweupe kuzunguka mwili. Bonyeza Alt huku ukibofya maski ili uione peke yake, fungua "Levels", sogeza kitelezi cheusi kulia kidogo. Ukingo utajikunja kuelekea ndani na uzi utapotea.

Nywele zinataka mkono. Nywele zetu za asili zikiachwa wazi zina ukingo kama moshi, na njia iliyonyooka huzifanya zionekane kofia. Kata kwa ndani, halafu rudisha ukingo kwa brashi nyembamba yenye nguvu ndogo, ukigusagusa kwa nukta badala ya kuvuta mistari. Kama studio ilikuwa na ukuta mweupe na nywele ni nyeusi, kuna njia fupi: nakili leya, iweke hali ya "Multiply" na maski inayoonyesha eneo la nywele tu. Weupe wa ukuta hutoweka, nyuzi nyeusi zinabaki juu ya anga.

Shela ya bibi harusi ndiyo inayotofautisha kazi nzuri na ya haraka. Ni kitambaa kinachopitisha mwanga, kwa hiyo bahari lazima ionekane nyuma yake. Paka kijivu kwenye maski katika eneo la shela, karibu asilimia 50 palipo na tabaka moja, na uache karibu nyeupe pale ilipojikunja. Rangi ya machungwa ya anga itapenya, na macho ya mtazamaji yataamini yote yaliyobaki.

Hatua ya 6: Wape ardhi ya kusimama

Mtu asiye na kivuli anaelea. Weka leya mpya chini ya maharusi, hali ya "Multiply", na uchukue rangi ya kivuli kutoka kwenye picha ya bahari yenyewe, tuseme chini ya ukuta au ngalawa. Usitumie nyeusi tupu, kwa sababu vivuli vya jioni vina ubuluu au zambarau. Kiatu kinapogusa ardhi, kivuli ni chembamba na kizito. Kadiri kinavyokwenda mbali, kipanuke na kulainika. Jua likiwa nyuma yao kushoto, kivuli kije mbele kulia, na kiwe kirefu.

Hatua ya 7: Ukali, chembechembe na rangi ya pamoja

Kama bahari imepigwa kwa simu na maharusi kwa kamera kubwa, maharusi watakuwa wakali mno. Ni rahisi kulainisha bahari kuliko kuinoa: pitisha "Gaussian Blur" kidogo kwenye mandhari, na macho yataichukulia kuwa ni kina cha lenzi.

Kisha chembechembe. Tengeneza leya juu ya zote, ijaze kijivu cha 808080, pitisha "RGB Noise" kwa kiasi kidogo, zima "Independent RGB", na uiweke hali ya "Grain merge". Kijivu hicho hakibadilishi kitu. Chembechembe peke yake ndizo zinazobaki, zikifunika picha zote tatu kwa usawa. Mwisho, leya moja ya rangi ya machungwa iliyopoa, hali ya "Soft light", nguvu ya asilimia 10 hadi 15. Ikizidi hapo bango litaonekana limemwagiwa chai.

Wanapoomba aongezwe aliyefariki

Ombi hili huja mara nyingi: mzazi aliyetangulia awekwe kati ya maharusi, kutoka kwenye picha ya zamani ya kadi. Nalichukulia kwa uzito kuliko kazi nyingine. Usiigeuze picha ya zamani, usimpake rangi ya kubahatisha, na usimfanye ashike mkono wa mtu. Njia ya heshima ni ile ya Hatua ya 4: mzazi afifie angani, juu, kwa rangi yake ya zamani. Waonyeshe ndugu kabla ya kuchapisha, maana wao wanamjua na wewe humjui.

Hatua ya 8: Kagua, kisha peleka

Geuza mwonekano kwa "View", "Flip & Rotate", "Flip Horizontally". Macho yaliyozoea picha huiona upya, na mpaka uliokuwa umejificha hujitokeza. Punguza hadi bango lienee kwenye upana wa vidole vinne uangalie kama kuna kipande kinachoruka mbele ya vingine. Itume kwenye simu uiangalie juani. Kama inawezekana, iache hadi kesho yake asubuhi.

Kwa duka la kuchapisha, toa TIFF au PNG kwa Shift+Ctrl+E, rangi zikiwa za sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini, isipokuwa wakikuambia vingine. Machungwa makali na buluu nzito hupoa kwenye wino, kwa hiyo omba kwanza kipande kidogo cha majaribio kwenye turubai lilelile, ukichagua sehemu yenye anga, ngozi na shela kwa pamoja. Ukiona ngozi imejaa giza, rudi kwenye XCF uinyanyue kwa "Curves" kidogo kabla ya kuruhusu bango zima lichapishwe.